Majina ya Miezi na Misimu: Maana ya Neno Si Maana ya Jina



Kwa muda sasa nimekuwa nikizisoma orodha za "majina ya Kiswahili" wanazopeana wazazi huku ughaibuni, zile zinazopanga majina kwa alfabeti na kuweka maana mbele yake kwa maneno matatu manne. Nimeona zihakikiwe kama tunavyohakiki kamusi au diwani, kwa sababu watu wanazitumia kuwapa watoto majina watakayozikwa nayo. Sitazichukua zote. Nitachukua fungu moja tu, yaani majina ya wakati: misimu, miezi, na siku zilizo karibu nayo. Hapo ndipo orodha zinapopotosha zaidi, tena kwa upole, maana karibu kila neno zinalosema lina ukweli ndani yake.

Ninavyoona mimi, jina la wakati katika desturi zetu ni ushahidi. Linashuhudia kwamba mtu fulani alizaliwa mahali fulani, na watu wa mahali pale walikuwa wakihesabu siku zao kwa kalenda fulani. Orodha zimeligeuza kuwa pambo. Zinatupa maana ya neno, zinaficha kalenda iliyolizaa, na sisi tulioko mbali tunaipoteza kalenda yenyewe huku tukifurahi kwamba tumehifadhi jina.

Nianze na Masika, kwa sababu halikosekani katika orodha hata moja niliyoiona. Maelezo huwa haya: Kiswahili, "aliyezaliwa wakati wa mvua". Basi, hakuna zaidi. Mzazi aliyeko Minneapolis au Leeds anasoma, anaona jina linatamkika, maana yake tamu, anampa binti yake aliyezaliwa Februari, theluji ikiwa magotini. Hakuna aliyekufa, sawa. Lakini hebu tuliulize jina hilo maswali ambayo bibi zetu wangeliuliza.

Masika ya wapi? Pwani, kuanzia Mombasa mpaka Dar es Salaam, na Unguja na Pemba, masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Mvua za Oktoba hadi Desemba zina jina lake, vuli, na mtu wa Tanga hachanganyi hizo mbili kama asivyochanganya mpunga na mtama. Sasa nenda Tabora, Mbeya au Songea. Huko mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba hivi na kwisha Aprili, na watu huuita msimu wote huo masika. Kwa hiyo Masika wa Tanga akizaliwa Desemba watu watauliza kulikoni. Masika wa Tabora akizaliwa Desemba hakuna wa kushangaa. Lugha moja, neno moja, kalenda mbili za mvua. Orodha inasema "mvua" kana kwamba mvua ni ile ile kila mahali.

Halafu, Masika wa nani? Mkikutana Toronto na dada kutoka Butembo au Beni, mashariki ya Kongo, anaitwa Masika, msimpongeze kwa mvua. Kwa Wanande, na kwa ndugu zao Wakonzo wa upande wa Uganda, Masika limo katika safu ya majina wanayopewa mabinti kwa zamu ya kuzaliwa. Halihusiani na masika yetu hata chembe. Dada huyo anakisema Kiswahili cha Kivu vizuri kabisa, basi mtengeneza orodha akimwuliza lugha yake anajibiwa "Kiswahili", anaandika, anaondoka. Mvua imemnyea dada wa watu bila yeye kujua.

Nadhani najua kasoro hii inatoka wapi. Waingereza na Wamarekani nao wana majina yao ya wakati: April, May, June, na siku hizi Summer na Autumn. Karibu yote ni ya kike, na yamechaguliwa kwa uzuri wake. Ni miezi ya maua na misimu ya kupendeza. March hasikiki, November hasikiki. Mzazi anamtakia mtoto neema ya msimu mzuri, na hiyo ni desturi yao halali, hatuna ugomvi nayo. Tatizo linakuja pale kiolezo hicho kinapochukuliwa na kubandikwa juu ya majina yetu, eti nayo yalichaguliwa kwa kupendeza.

Tazameni Wabukusu wa magharibi ya Kenya, ambao majina yao yamo tele katika orodha hizo hizo. Wafula na Nafula ni wa mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa palizi. Wanjala na Nanjala ni wa njaa, majira yale ghala limekauka na mavuno hayajafika. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Ukiyapanga hivyo umepata mwaka mzima wa mkulima, kazi yake na tumbo lake. Sasa niambieni, jamani, kama jina ni pambo, nani angemwita mtoto Njaa? Wasukuma wana Nyanzala, kutoka nzala, njaa ile ile, na wanalishika bila haya yoyote pembeni ya Mabula na Kabula wa mvua. Na sisi watu wa pwani tuna Shida, Tabu na Mashaka. Majina haya yanakumbuka. Yanasema: alipokuja huyu, hali yetu ilikuwa hivi.

Tena si kila mvua ni sawa. Mumbua na Wambua wa Ukambani, kama Wafula, wanashuhudia msimu. Okoth na Akoth wa Wajaluo wanashuhudia mvua iliyokuwa ikinyesha wakati ule wa kuzaliwa, kama vile Otieno na Atieno wanavyoshuhudia kwamba ilikuwa usiku. Akoth anaweza kuzaliwa katikati ya kiangazi, mvua ya ghafla ikapiga bati, jina likapatikana. Orodha inawaweka wote chini ya neno moja, "mvua", na tofauti baina ya saa na msimu inapotea. Mwalimu akisahihisha insha ya mwanafunzi namna hiyo tungemshangaa.

Sasa nije kwenye miezi, ambako Kiswahili chenyewe kina jambo la pekee, na sijaona orodha ikiligusa. Hesabu yetu ya miezi inaanza pale saumu inapofunguliwa. Baada ya Ramadhani unakuja Mfunguo Mosi, au Mfungo Mosi kama wengi tunavyotamka, ndio Shawwal wa Waarabu. Kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu wenye hija na Idi Kubwa, Mfungo Nne, ndio Muharram, Mfungo Tano, Mfungo Sita wenye Maulidi, na kuendelea mpaka Mfungo Tisa. Hapo hesabu inasimama. Miezi mitatu ya mwisho haina namba, ina majina: Rajabu, Shaabani, Ramadhani.

Hebu kila mmoja wenu ahesabu watu anaowajua. Akina Rajabu wangapi? Akina Shaabani? Akina Ramadhani? Hawahesabiki, toka Kilwa hadi Kigoma, toka Lamu hadi mitaa ya Buyenzi kule Bujumbura. Sasa hesabuni akina Mfungo Nne. Hayupo! Miezi iliyobaki na jina ndiyo iliyozaa watu, na miezi ya namba ikabaki bila watoto wa jina lake.

Sababu iko wazi kwa upande mmoja: miezi hiyo mitatu ni ya heshima, Rajabu na Shaabani zikiitayarisha Ramadhani. Lakini iko sababu nyingine ya kilugha ambayo nadhani haijapewa uzito. Kiswahili tayari kina watu wenye majina ya namba. Mosi, Pili, Tatu, Nne ni majina ya watu, nayo yanahesabu uzazi, nani alimfuata nani tumboni. Namba ilikwisha kupewa kazi yake katika kutaja watoto. Mtu akiitwa Tatu, kila mtu anaelewa ni mtoto wa tatu. Huwezi tena kuitumia namba hiyo kumwambia jirani kwamba mtoto alizaliwa mwezi wa Haji. Mfumo wa majina na mfumo wa miezi umegawana maneno kwa utaratibu, na hakuna chuo kilichokaa kuupanga.

Miezi ya namba haikuachwa mikono mitupu, lakini. Inapata watu kwa kupitia siku zake kubwa. Mfungo Nne unamtoa Ashura, kwa siku yake ya 10. Mfungo Sita unamtoa Maulidi. Mfungo Tatu unawatoa Arafa na Haji. Idi anagawanwa baina ya Mfungo Mosi na Mfungo Tatu. Rajabu, ambao una jina lake tayari, unaongezewa Miraji kwa usiku wa 27. Na tazameni jinsia: miezi yenyewe imekwenda kwa wanaume, Ashura na Arafa ni wanawake, na wanawake wakapewa na siku kwa kutangulizwa Mwana: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi. Yote haya ni sarufi ya utaratibu mmoja. Katika orodha utayakuta yametawanyika kwa alfabeti kama shanga zilizokatikiwa uzi.

Na maana zinazotolewa? "Ramadhani: joto kali". Mtu amekwenda kuchimba mzizi wa Kiarabu, akaukuta, akarudi nao nyumbani. Mzizi ni wa kweli. Lakini mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika miaka 33 hivi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Ramadhani mmoja alizaliwa masika, mwenziwe alizaliwa kipupwe na baridi yake, wa tatu vuli. Jina hilo halisemi lolote juu ya joto.

Kwa hiyo Masika na Ramadhani, ambao orodha huwaweka chumba kimoja kama "majina ya majira", wanafanya kazi mbili tofauti kabisa. Masika anakupa msimu, hakupi mwaka. Ukitaka kumwelewa lazima ujue mahali. Ramadhani anakupa mwezi, hakupi msimu. Ukitaka kumwelewa lazima ujue mwaka, na ukiujua, amekupa majuma manne ambamo alizaliwa.

Je, ushahidi huo unaaminika? Tuupime kwa watu ambao tarehe zao zinajulikana.

Wa kwanza, Shaaban Robert mwenyewe. Vitabu vinasema alizaliwa 1 Januari 1909, Vibambani, karibu na Tanga. Kwa majedwali ya kalenda, siku hiyo iliangukia tarehe 8 hivi ya Mfungo Tatu mwaka 1326 wa Hijria, Arafa ikiwa kesho yake. Shaabani ya mwaka ule wa Hijria ilikuwa imekwisha tangu mwishoni mwa Septemba 1908, na nyingine haikuingia mpaka Agosti 1909. Ni moja katika mawili. Ama jina hili halikutoka kwenye mwezi wa kuzaliwa, lilirithiwa au lilipewa kwa sababu nyingine. Ama ile 1 Januari ni tarehe ya karani, kama walivyoandikiwa wengi wa zama zake ambao mwaka ulijulikana na siku haikujulikana. Kwa hoja yangu lolote kati ya hayo linatosha. Jina linatulazimisha kuuliza swali juu ya maisha ya mwandishi wetu mkubwa, na maelezo ya orodha, "aliyezaliwa mwezi wa Shaabani", yanalizima swali hilo kabla halijaulizwa.

Wa pili, mwanasiasa wa Kongo Emmanuel Ramazani Shadary, aliyegombea urais mwaka 2018. Huyu ni mtu wa Maniema, alizaliwa Novemba 1960. Ramadhani ya mwaka huo ilikuwa imekwisha tangu Machi, na iliyofuata iliingia Februari 1961. Ramazani wa Maniema ni jina lililopanda bara na misafara ya karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa kituo kikuu cha Tippu Tip. Likatulia huko, likabadili dh kuwa z kama Kiswahili cha kule kinavyotaka, na leo utalikuta hata katika familia za Kikristo. Jina hilo linashuhudia njia ya biashara na watu waliopita. Mwezi wenyewe ulikwisha kusahauliwa ndani yake zamani.

Wa tatu ni kinyume chao: January Makamba, mwanasiasa wa Tanzania, alizaliwa 28 Januari 1974. Huyu jina na tarehe vinakubaliana. Lakini angalieni ni kalenda gani iliyotoa jina. Siku ile ilikuwa siku tatu nne tu baada ya kuingia mwaka mpya wa Hijria, 1394, yaani mwanzoni mwa Mfungo Nne. Kalenda ya zamani ingemwita Muharami labda, au ingesubiri siku chache imwite kwa Ashura kama angekuwa msichana. Kalenda ya ofisi ikashinda, tena kwa tahajia ya Kiingereza. Katika majina mawili, Rajabu wa babu na January wa mjukuu, mnaweza kusoma jinsi nchi nzima ilivyobadili namna ya kuhesabu siku. Hii ndiyo historia ambayo orodha inaitupa ili ipate nafasi ya kuandika "mwezi wa kwanza".

Kutokana na mifano hiyo mnaona jambo ambalo kila mwenye ukoo analijua. Akina Ramadhani wengi tulio nao hawakuzaliwa Ramadhani, na akina Masika wengi hawakuzaliwa mvuani. Walipewa jina la babu au bibi. Wa kwanza ndiye shahidi, waliofuata ni warithi. Jina likisharithiwa linaacha kusema habari za siku, linaanza kusema habari za ukoo. Mtu akisema Ramadhani maana yake ni mtoto aliyezaliwa mwezi mtukufu, amesema kweli juu ya mtu mmoja aliyekufa zamani, na amesema uwongo juu ya wajukuu wake wote.

Sasa, orodha hizi nazo zina historia, na uhakiki usiokumbuka historia huwa ni kejeli tu. Miaka ya 1960 Wamarekani Weusi wengi walianza kutafuta majina yasiyotoka kwa mabwana waliowamiliki wazee wao, na Kiswahili kikawa kimbilio. Kwanzaa yenyewe ilianzishwa mwaka 1966. Vitabu vikafuata. Mwaka 1972 Ogonna Chuks-orji alichapisha Chicago kitabu cha majina ya Kiafrika. Mwaka 1993 Bi. Sharifa Zawawi, Mzanzibari aliyekuwa akifundisha New York, akatoa Unaitwaje?, na hapo angalau tulipata mwandishi ambaye lugha ni yake. Mimi siwalaumu hata kidogo waliokuwa wakitafuta. Aliyenyang'anywa jina ana haki ya kuchagua jingine, na kuchagua ni kitendo chake, kina heshima yake. Ninayemhoji ni mtengeneza orodha wa baadaye anayechukua vitabu kama hivyo, akakata, akabandika, akaacha safu mbili tu, jina na maana.

Na hapa pana jambo chungu ambalo safu mbili haziwezi kulibeba. Katika kumbukumbu za watumwa wa pwani yetu na wa Ghuba, majina kama Juma, Khamisi, Mabruki, Feruzi na Almasi yanajirudia. Jina la siku halihitaji nasaba, na mtu aliyeng'olewa katika nasaba yake angeweza kupewa bila taabu. Yaani mtu wa Detroit anayekimbia jina la bwana wa Virginia anaweza kupewa na orodha jina ambalo lilibandikwa watumwa wa shamba la karafuu Unguja, na hakuna anayemwambia. Papo hapo, Juma na Khamisi walikuwapo pia waungwana, Waarabu kwa Waswahili, na Oman mpaka leo wapo wa makabila makubwa. Jina lenyewe halina hatia. Lakini mtu ana haki ya kujua kabla hajalivaa.

Sisi wenyewe tumelinyamazia hilo. Nimewasikia wazee, huku huku ughaibuni, wakimkatalia kijana jina la siku au la msimu kwa mtoto wake, eti "hayo majina ya kishamba". Kila mtu chumbani alielewa kinachosemwa na kisichosemwa. Amri ya kuufuta utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, na bado tunapima majina kwa mizani ile. Basi tunajikuta na mambo mawili ya ajabu kwa pamoja: mgeni anayachukua majina haya kwa kuwa hajui, na mwenyewe anayaacha kwa kuwa anajua nusu. Katikati yao jina linakufa. Mimi nasema mtu anayemwita mtoto wake Khamisi kwa babu yake Khamisi, awe alikuwa bwana au mtumwa, amefanya jambo la kiungwana kuliko aliyemficha babu huyo ili apate jina la kupendeza.

Mtu anaweza kuuliza, kuna hasara gani ya kweli? Nitatoa moja ya karatasi kabisa. Wengi wa ndugu zetu waliofika huku kama wakimbizi, kutoka Somalia, Burundi na Kongo, wameandikiwa kuzaliwa 1 Januari, kwa kuwa mwaka ulikadiriwa na siku haikuwapo. Ukoo mzima siku moja ya kuzaliwa! Watoto wao wanacheka, na wazee wanacheka nao, lakini kicheko hicho kina uchungu. Sasa mchukulieni mzee mmoja wa mfano, karatasi inasema 1 Januari 1958, naye anaitwa Rajabu, si kwa kurithi, bali mama yake alimwambia ndio mwezi wake. Rajabu ya 1377 iliingia 22 Januari 1958 hivi, ikatoka tarehe 20 Februari. Jina lake linajua zaidi kuliko pasipoti yake. Ofisa hatalipokea jina kuwa cheti, najua. Lakini mjukuu anayetaka kujua babu alizaliwa lini analo jibu la kukaribia ukweli, mradi ajue Rajabu ni nini na aiulize familia kama ni jina la mwezi au la marehemu. Mwambieni mjukuu huyo kwamba Rajabu "ni jina zuri la Kiislamu", basi, mlango umefungwa.

Kwa hiyo nini kifanyike? Mtu akitaka kuandika orodha inayofaa, kila jina la wakati lijibu mambo manne: linatoka katika kalenda gani, ya mahali gani, linashuhudia nini hasa (saa, siku, mwezi au msimu), na kwa kawaida hupewa kwa tukio au kwa urithi. Maneno yatakuwa kumi na tano badala ya matatu. Karatasi si ghali hivyo.

Na mzazi aliyeko Leeds, je? Anaruhusiwa Masika? Kwa maoni yangu anaruhusiwa, ikiwa ni Masika wa bibi yake, na amwambie binti bibi huyo alikuwa nani na mvua ile ilikuwa ya wapi. Hapo jina limebaki kweli. Akitaka mtoto wake awe shahidi wa kwanza, na si mrithi, miezi ya mwandamo inasafiri vizuri kuliko misimu. Rajabu unaandama Chicago kama unavyoandama Pemba (ugomvi wa kuandama kwa mwezi tuuache siku nyingine). Masika haiandami Chicago. Ndugu zetu wa Oman wana bahati ya peke yao: manyunyu yanayoifanya Salalah kuwa kijani, Juni hadi Septemba, yanaletwa na upepo ule ule ambao Mombasa tunauita kusi. Mtoto wa Salalah wa mwezi wa Julai akiitwa Kusi atakuwa na ushahidi mkamilifu, kwa lugha yetu na kwa mbingu ya pale alipozaliwa. Sijamwona aliyethubutu, lakini hilo lingekuwa jina jipya lililotengenezwa kwa kanuni ya zamani, na lugha inayoishi hufanya hivyo.

Mwisho, fanyeni jaribio dogo nyumbani. Waulizeni watoto wenu leo ni Mfungo wa ngapi. Wengi watawaangalia tu. Halafu mwangalie ni majina mangapi katika nyumba hiyo hiyo yametoka katika kalenda ambayo hakuna tena anayeihesabu. Hasara ninayoisema ndiyo hiyo. Imeanza, na orodha nzuri za majina hazitaizuia. Itazuiwa na mzee atakayekaa na mjukuu akamhesabia kutoka Mfungo Mosi mpaka Tisa, kisha akamwambia: na baada ya hapo tunaingia kwa watu tunaowajua.

Mwenye Demani, Kipupwe au Kaskazi katika ukoo wake, mtu na si upepo, alete jina, mahali na mwaka. Yatufae sote.

Wasalaam.